Mwizi wa Wateja

Wiki jana tulimwacha Chepkemei amesimama mbele ya watu sitini, kipaza sauti mkononi, tabasamu bado liko usoni kwa sababu lilikuwa halijapata habari. Nyuma ya ukumbi sauti ya mwanamke ilikuwa imepaa:

"Msimpe kazi huyo! Huyo ni mwizi!"

Watu sitini wakageuka kwa pamoja.

Vijiko vikanyamaza kwenye vikombe. Mzee mmoja aliyekuwa amechoma soseji kwa uma akaisahau hewani.

Aliyepiga kelele alikuwa Valarie. Kama gazeti la wiki jana lilikupita, mjue sasa. Valarie ndiye mwenye kampuni ya matangazo ambayo Chepkemei aliifanyia kazi miaka mitatu, akiandika na kutafsiri maneno ya mabango, vipeperushi na lebo. Mwezi wa pili Chepkemei aliacha kazi ili ajitegemee. Alijaribu kutafuta wateja mtandaoni, akaunti yake ikafungwa bila maelezo. Ndipo akaamua kuwatafuta wateja ana kwa ana, uso kwa uso, mkono kwa mkono.

Huu ulikuwa mkutano wake wa tano, na mpaka sasa mikutano hiyo haikuwa imempa hata mteja mmoja.

Wafanyabiashara wa Nakuru hukutana hapa, kwenye hoteli moja mtaani Milimani, Alhamisi moja kila mwezi, wanywe chai na kujuana. Kila mgeni hupewa dakika moja. Unasimama, unataja jina, unasema unafanya kazi gani, unakaa. Ukizidisha, mwenyekiti Kipketer anagonga kengele.

Chepkemei alikuwa ametumia sekunde ishirini tu.

"Madam Valarie, tafadhali," Kipketer alisema. "Hapa hatuna tabia ya—"

"Hapana, mwenyekiti. Wacha wajue!" Valarie alikuwa tayari anatembea katikati ya meza, viatu vyake vikigonga sakafu. "Huyu nilimfunza kazi mimi. Nilimpeleka kwa wateja wangu na mkono wangu huu. Nikawaambia, huyu ni kama mtoto wangu. Yule wa yogati kule Njoro yuko wapi leo? Si yuko na yeye? Sasa amekuja hapa kuwasalimia nyinyi. Mpeni mikono, halafu mhesabu vidole."

Watu wachache wakacheka. Kicheko kidogo tu, lakini kilimkata Chepkemei kuliko tusi.

"Alikuja mwenyewe," akasema. Kipaza sauti kikayabeba maneno hayo hadi ukutani na kuyarudisha, na hata yeye akayasikia yakilia kama uongo wa mtoto.

Ngriiing!

"Tuendelee," Kipketer akasema bila kumwangalia. "Anayefuata?"

Mwanamume mwenye duka la magodoro akanyanyuka na kuchukua kipaza sauti.

Chepkemei akarudi mezani kwake. Asubuhi alipofika alikuwa amegawa kadi thelathini, moja baada ya nyingine, kila moja na salamu yake. Sasa zilikuwa zinarudi. Mama mmoja muuza keki aliisukuma yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa nzi. Oduor, mtu mkubwa mwenye maboza, yale malori ya kuuza maji, angalau alisema neno.

"Pole, msichana," alinong'ona. "Sijui nani anasema ukweli. Lakini mimi hapa niko na jina la kulinda." Akaiweka kadi kando ya kikombe cha Chepkemei, upande wa maandishi ukiangalia chini.

Chepkemei akachukua mkoba. Mlango ulikuwa hatua kumi. Akazihesabu kwa macho.

Akafika hatua ya sita.

"Wewe, mwizi. Kuja hapa."

Aliyeita alikuwa mama wa Kihindi wa miaka sitini hivi, ameketi meza ya mwisho karibu na mlango, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Kwenye kibandiko cha jina palikuwa pameandikwa Sarla. Pembeni yake aliketi mumewe, Bhupendra, akipekua simu.

"Mimi sio mwizi, mama."

"Wateja wangapi uliiba?"

"Mmoja. Na sikumwiba."

"Mmoja tu, miaka mitatu?" Sarla akamwangalia juu hadi chini. "Basi wewe ni mwizi mbaya sana. Kaa."

Chepkemei akakaa, bila kujua kwa nini. Labda ni kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza asubuhi ile kuambiwa na mtu anayemtazama machoni.

"Ulisema unafanya lebo," Sarla aliendelea. "Sisi tuko na kiwanda kidogo Industrial Area. Tunapakia dawa za kupiga mimea. Mimi nimezaliwa hapa Nakuru, Kiswahili naongea mpaka kwa ndoto. Lakini kusoma ile ya karatasi, hapo ndio shida. Nasoma Kiingereza, nasoma Kigujarati. Hii wanaleta, wanasema iko sawa, mimi naamini tu." Akatoa chupa nyeupe kwenye mkoba wake, tupu, na kuiweka mezani. "Nisomee. Uniambie kama ni Kiswahili ya watu ama ya kompyuta."

"Nani alikutengenezea?"

"Yule anakuita mwizi."

Msomaji, hapo moyo wa Chepkemei uliruka. Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa umefunguliwa na adui mwenyewe. Ingetosha kupata kosa moja tu dogo, herufi imeruka, neno limepinda, aonekane mjuzi na Valarie aonekane bure.

Akaigeuza chupa. Ilikuwa dawa ya utitiri, wale wadudu wekundu wanaokausha majani ya maua. Upande mmoja Kiingereza, upande mwingine Kiswahili. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Jinsi ya kuchanganya, sawa. Vaa glavu, vaa barakoa, sawa. Usile wala kuvuta sigara, sawa.

Kisha akanyamaza.

Akaigeuza chupa upande wa Kiingereza. Akairudisha.

"Nini?" Sarla akauliza.

"Mama, baada ya kupiga hii dawa, watu wanafaa kukaa nje ya greenhouse muda gani?"

"Masaa ishirini na nne. Hiyo ni dawa kali."

"Kiingereza kinasema ishirini na nne. Kiswahili kinasema mbili."

Bhupendra akaacha kupekua simu.

"Masaa mbili?" Sarla akavaa miwani, kana kwamba miwani ingembadilishia namba. Namba iliyokuwa chini ya ukucha wa Chepkemei haikuhitaji mtu ajue Kiswahili. Ilikuwa 2. Ile 4 haikuwepo.

"Mama, hizi chupa zimeshatoka?"

"Sanduku moja tu. Jana. Ilienda Naivasha, shamba ndogo ya maua nyuma ya Karagita, kujaribu." Sarla alikuwa tayari anapapasa simu yake. Alikuwa ameizima sauti tangu mkutano uanze, kama walivyoombwa wote. Kulikuwa na ujumbe kutoka kwa msimamizi wa shamba, umekaa pale karibu saa nzima. Akamsukumia Chepkemei. "Soma!"

Chepkemei akasoma. "Mathe, dawa tumepiga, tumemaliza saa moja kamili. Vile lebo inasema, saa tatu wamama wanaingia kuvuna. Asante sana."

Wote watatu wakatazama saa ya ukutani.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi na tatu.

Sarla akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita tena mpaka mwisho.

"Wakiwa kazini wanaacha simu kwa kabati," Bhupendra alisema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Piga ya mwenye shamba."

Mwenye shamba alikuwa amezima.

"Twende na gari," akasema Bhupendra.

"Naivasha?" Sarla alimgeukia. "Saa nzima na zaidi, na malori ya Gilgil? Tutafika kuzika?"

Dakika kumi na mbili.

"Mama," Chepkemei akasema, "hapa ndani kuna watu sitini. Kila mmoja ana wafanyakazi, ana wateja, ana shemeji mahali. Lazima kuna mtu anajua mtu Karagita. Tuwaulize."

"Hapana!" Bhupendra alimshika mkono. Hakumshika kwa hasira, alimshika kama mtu anayezama. "Sikiza, msichana. Nusu ya hawa watu wananunua dawa kwetu. Ukisema hapa dawa yetu imeumiza watu, kesho tunafunga. Miaka thelathini na moja! Tutapiga simu polepole, tutapata mtu. Wewe nyamaza tu, na kazi ya lebo zote ni yako. Zote. Lebo mia mbili kwa mwaka. Nasema mbele ya mke wangu."

Lebo mia mbili kwa mwaka. Chepkemei hakuwa ameota kitu kikubwa hivyo. Mikutano mitano, kadi mia moja na hamsini, nauli kutoka mtaani Rhonda na kurudi, na huyu hapa mteja anamshika mkono na kumwomba apokee.

Akamtazama Sarla. Sarla alikuwa anazungusha bangili zake, haraka haraka.

Dakika kumi na moja.

Chepkemei akautoa mkono wake taratibu na kutembea kuelekea mbele.

Mgeni mwingine alikuwa anamalizia maneno yake. Kipketer alimwona Chepkemei akija, akainuka kumzuia.

"Dada, wewe ulishapata dakika yako."

"Nilikatizwa, mwenyekiti. Zimebaki sekunde arobaini."

"Lakini—"

"Naomba hizo tu. Ukigonga kengele nitakaa."

Kipketer alimtazama usoni. Sijui aliona nini huko, lakini alinyoosha mkono, akakitwaa kipaza sauti kwa yule mgeni na kumpa.

"Naitwa Chepkemei," alianza, na mguno ukasambaa ukumbini. "Msiponipa kazi ni sawa. Sijasimama kwa ajili hiyo. Karagita, Naivasha, kuna shamba dogo la maua nyuma ya mtaa. Wamepiga dawa saa moja. Lebo imewaambia wakae nje masaa mawili. Ukweli ni ishirini na nne. Saa tatu kamili akina mama wanaingia kuvuna na simu zao hazishikwi. Kuna mtu hapa anajua mtu aliye karibu na hapo sasa hivi?"



"Uongo!" Valarie alikuwa amesimama tena. "Mnaona? Nimemwona na chupa pale mezani, hiyo lebo ni kazi yangu! Ameiba wateja, sasa anakuja kuniharibia jina! Nani amemwambia hayo? Ametoa wapi?"

Vichwa vikageuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mama wa keki akatikisa kichwa. Mtu akasema, "Atolewe nje." Mkono wa Kipketer ukaelekea kwenye kengele.

Chepkemei akafumba macho.

"Ni dawa yangu."

Sauti ilitoka karibu na mlango. Sarla alikuwa amesimama. Bhupendra alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ni dawa yangu," Sarla akarudia kwa nguvu zaidi. "Msichana anasema ukweli. Jina langu mnalijua. Kama hamtanunua tena kwangu, msinunue. Lakini kama uko na mtu Karagita, simama sasa."

Kiti kikaburutwa sakafuni. Oduor, yule mtu mkubwa aliyerudisha kadi, alikuwa wima, simu iko sikioni.

"Boza langu moja linapeleka maji Karagita kila asubuhi," alisema. "Wangeci! Wangeci, uko wapi?"

Akabonyeza spika na kusogeza simu kwenye kipaza sauti. Ukumbi wote ukasikia injini kubwa ikinguruma na sauti ya mwanamke aliyezoea kuongea juu yake.

"Niko kwa ile plot ya bluu, boss, najaza tangi. Kwani?"

"Funga bomba! Enda kwa lile shamba la maua hapo nyuma. Watu wasiingie ndani ya greenhouse. Kuna sumu!"

"Sumu gani?"

"Wangeci, enda!"

Bomba likasikika likifungwa. Mlango ukabamizwa. Injini ikalia.

Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro dakika saba.

Hakuna aliyekaa. Watu waliokuwa hawajuani saa moja iliyopita walisimama bega kwa bega wakisikiliza lori likiruka mashimo kilomita sabini kutoka walipokuwa. Mama wa keki alikuwa anaomba, midomo tu ikitingishika.

"Nimefika kwa geti," Wangeci akasema. "Soja, fungua!"

Sauti ya mlinzi ikasikika kwa mbali. "Maji tuliagiza?"

"Sio maji! Ndani kuna sumu, toa watu!"

"Madam, bila barua huingii. Mimi niko na sheria zangu."

Sarla akamnyang'anya Oduor simu. "Wewe soja! Mimi ndio nimeuza hiyo dawa! Fungua geti!"

"Mimi sikujui, mama. Naona simu tu."

Dakika nne.

"Boss," Wangeci akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha, "naweza sikia kengele ya kuingia imelia. Wameanza mapema."

Chepkemei akainama juu ya simu. "Wangeci, piga honi. Usiachilie. Piga mpaka watoke wakushangae."

Honi ikalia. Ilikuwa honi ya lori kubwa, ikalia kama ng'ombe anayechinjwa, ikaendelea, ikaendelea, mpaka kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi na watu mbele wakaziba masikio. Soja alisikika akitukana. Honi haikuachwa.

Kisha ikanyamaza ghafla.

"Wamama wanatoka," Wangeci alisema. "Wanakuja geti. Wanauliza ni nini." Sauti za wanawake, wengi, zikiongea kwa pamoja. "Wengi walikuwa bado kwa laini, wanavaa glavu. Wanasema watatu walikuwa wameshaingia."

"Wako wapi?"

"Naona... naona wawili. Wako sawa, wanajikuna macho. Wa tatu anabebwa. Anakohoa vibaya."

"Maji!" Chepkemei alipaza sauti. "Uko na boza zima la maji! Waoshe! Uso, macho, mikono, nguo wavue! Usingoje mtu!"

"Soja," sauti ya Wangeci ikatoka, "sasa utafungua ama nivunje?"

Geti likalia likifunguka.

Kilichofuata hakikuonekana, kilisikika. Maji yakimwagika kwa kishindo. Mwanamke akipiga yowe kwa baridi. Mwingine akisema, "Funga macho, Jebet, funga macho." Kukohoa, kukohoa, na kukohoa. Ukumbi wa Milimani ulikuwa umenyamaza hivi kwamba friji ya vinywaji kwenye kona ilisikika ikivuma.

Dakika zikapita. Chepkemei hakuzihesabu tena.

"Boss," hatimaye Wangeci akasema. Alikuwa anahema. "Huyu wa kukohoa, anaitwa Jebet, ameanza kuongea. Anauliza viatu vyake viko wapi. Gari ya shamba inampeleka kituo cha afya sasa hivi, na wale wawili."

Mtu akapiga makofi. Mwingine akapiga. Halafu ukumbi mzima ukalipuka. Oduor alikuwa anafuta macho kwa tai yake bila aibu. Kipketer aligonga kengele, sijui kwa nini, labda mkono ulitaka kufanya kitu.

Sarla alifika mbele, akamshika Chepkemei mabega.

"Tunaenda ofisini sasa hivi. Mimi na wewe. Dawa zote zisitoke mpaka usome kila lebo. Kila moja, unasikia? Sio kwa sababu mume wangu aliahidi. Ni kwa sababu ulikataa."

Chepkemei akaitikia kwa kichwa.

Halafu wakaja. Mama wa keki alikuja, akataka lebo za masanduku yake ziangaliwe. Mtu wa magodoro alikuja. Mwanamke wa duka la dawa za binadamu, ambaye hakuwa hata amemsalimia asubuhi, aliuliza kama ana nafasi Jumatatu. Oduor akaenda mezani, akaiokota ile kadi kando ya kikombe, akaipangusa na kuitia mfukoni mwa shati.

"Maboza yangu hayana hata jina upande," alisema. "Nipigie tuongee."

Kwa miezi mitano Chepkemei alikuwa amejaribu kila kitu alichosoma kuhusu kupata wateja. Tabasamu, mkono imara, maneno ya kukariri. Na leo wanapanga foleni.

Sarla na Bhupendra walikuwa wametangulia mlangoni. Chepkemei akachukua mkoba wake kuwafuata.

Mkono ukamgusa kwenye kiwiko.

Alikuwa Valarie. Hakuwa anapiga kelele tena. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, na simu yake ilikuwa wazi mkononi.

"Kabla hujaenda," alisema kwa sauti ya chini. "Angalia hii."

"Sina la kukuambia, Valarie. Watu wangekufa."

"Najua. Angalia tu."

Ilikuwa barua pepe. Tarehe ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili, saa kumi na mbili jioni. Mwandishi: Chepkemei.

Valarie, lebo zote kumi na moja hizi hapa, nimemaliza. Kila la heri.

Chepkemei aliikumbuka Ijumaa hiyo. Ilikuwa siku yake ya mwisho. Kikombe chake na sweta vilikuwa tayari kwenye mfuko wa plastiki kando ya kiti, na yeye alitaka tu kuondoka kabla Valarie hajaanza tena. Lebo zilikuja kama maandishi matupu, bila jina la dawa wala la kiwanda. Dawa ya kwanza, dawa ya pili, hivyo hivyo. Alitafsiri mpaka macho yakauma.

Valarie akateremsha ukurasa kwa kidole. Dawa ya saba.

Usiingie ndani kwa muda wa masaa 2.

"Mimi niliibandika vile ilikuja," Valarie alisema. "Sikuongeza, sikutoa. Hata nukta."

"Hukuisoma?" Chepkemei alinong'ona.

"Nilikuwa sisomi kazi yako. Miaka mitatu sikuwahi kupata kosa." Valarie akautazama mstari ule tena. "Nilikuwa nakuamini."

Nyuma yao watu walikuwa bado wanacheka kwa nafuu, wanapeana nambari za simu.

"Sikiza," Valarie akaendelea haraka. "Hakuna mtu amejua. Tunasema ni mtambo wa kuchapisha ndio ulikula namba. Mimi nafuta hii hapa, mbele yako. Wewe ubaki na Sarla, na hawa wote. Mimi nibaki na kampuni. Na ile ya mwizi sitaitaja tena, naapa. Wewe nyamaza, na mimi ninyamaze."

Kidole chake kilikuwa juu ya alama ya kufuta, kinangoja.

Chepkemei alitazama kile kidole. Alifikiria foleni ya watu iliyokuwa mbele yake dakika mbili zilizopita. Alifikiria chumba chake cha Rhonda na mlango wake ambao mwenye nyumba ameanza kuugonga kwa ngumi. Kisha, bila kutaka, akasikia tena kule kukohoa kwenye kipaza sauti.

"Chepkemei!" Sarla alikuwa amerudi hadi katikati ya ukumbi. "Gari iko tayari. Mnaangalia nini hapo?"

Valarie akamkazia macho. Tafadhali, macho yakasema.

Chepkemei aliitoa simu mkononi mwa Valarie. Akatembea mpaka kwa Sarla.

"Mama, kabla tuondoke, soma hii."

Sarla akavaa miwani, akaitazama, akaivua. "Ni Kiswahili. Nisomee wewe."

Kwa hiyo akasoma. Alisoma tarehe. Alisoma jina lake mwenyewe, polepole, lote. Alisoma mstari wa dawa ya saba mpaka mwisho, na ile namba akaitamka wazi. Waliokuwa karibu wakaacha kucheka. Oduor akageuka.

"Nani aliandika?" Sarla aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Mimi, mama."

Bhupendra, aliyekuwa mlangoni na funguo za gari, akazikunja kwenye ngumi. Sarla akapiga hatua moja kumwelekea Chepkemei, na hapo simu ya Oduor ikalia.

Oduor akaweka spika kwa mazoea.

"Boss?" Ilikuwa sauti ya Wangeci, lakini haikuwa imetulia tena. "Boss, hawa wamama wamejihesabu hapa nje. Wanasema tumekosea."

"Kukosea aje?"

"Walioingia hawakuwa watatu. Walikuwa wanne."